Vyanzo vya Utendaji Duni wa Programu Tumizi: Tathmini ya Kihistoria ya Mfumo wa Kompyuta wa Huduma ya Magari ya Wagonjwa ya London, 1992

IKISIRI

Insha hii inachunguza vyanzo vya kawaida vya utendaji duni wa programu tumizi kwa kurejelea tukio moja la kihistoria: kulemewa na hatimaye kusimama kwa mfumo wa kompyuta wa Huduma ya Magari ya Wagonjwa ya London kati ya tarehe 26 Oktoba na 4 Novemba 1992. Vyanzo vinne vinachambuliwa, navyo ni foleni inayojilisha yenyewe, kumbukumbu isiyorejeshwa, uteuzi wa zana nzito kwa kazi ya haraka, na kutopimwa kwa mzigo kabla ya matumizi. Hoja ya insha ni kwamba vyanzo hivi vilikwisha kueleweka kinadharia miongo kadhaa kabla ya 1992, na kwamba kila kimoja kina tarehe na uamuzi uliokifungulia mlango. Kwa hiyo, ubutu wa programu hautokani na udhaifu wa mashine peke yake. Una historia, na historia hiyo inaweza kuchunguzwa kama historia ya maamuzi mengine ya wanadamu.

1.0 Utangulizi

Programu tumizi ni programu ya kompyuta inayomwezesha mtumiaji kutekeleza kazi mahususi, kama vile kutunza hesabu, kuandika barua au kugawa magari. Katika insha hii, istilahi utendaji inatumika kwa maana tatu zinazohusiana: muda ambao programu huchukua kumjibu mtumiaji, kiasi cha kazi ambayo programu hukamilisha katika muda maalumu, na uwezo wake wa kudumisha mambo hayo mawili mzigo unapoongezeka. Programu ina utendaji duni pale inapotoa jibu lililo sahihi lakini lililochelewa kiasi cha kupoteza manufaa yake.

Tofauti kati ya kosa na ucheleweshaji ni ya msingi. Kosa la kawaida huonekana: hesabu haikubaliani, jina halipo, skrini inazimika. Ucheleweshaji huingia polepole, na mara nyingi watumiaji huuzoea kabla haujatambuliwa kuwa ni dosari. Ndiyo maana wanahistoria wa teknolojia wameandika mengi kuhusu mifumo iliyoanguka, na machache kuhusu mifumo iliyodorora. Tukio la London linafaa kuziba pengo hilo kwa sababu lina sura zote mbili. Katika siku mbili za mwanzo mfumo ulidorora bila kuanguka. Siku nane baadaye ulidorora kisha ukasimama kabisa. Aidha, tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake Februari 1993 iliacha maelezo ya kina ambayo ni nadra kupatikana katika matukio ya aina hii.

Insha imegawanyika katika sehemu tano baada ya utangulizi huu. Sehemu ya pili inatoa usuli wa kinadharia, ya tatu inasimulia tukio, ya nne inachambua vyanzo, ya tano inalinganisha tukio hilo na mengine mawili, na ya sita inahitimisha.

2.0 Usuli: Maarifa Yaliyokuwapo Kabla ya 1992

Maarifa kuhusu ucheleweshaji yalitangulia kompyuta yenyewe. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha uchambuzi wa jinsi simu zinavyoingia katika kituo. Kazi yake ilizaa nadharia ya foleni. Funzo lake kuu kwa mada hii ni kwamba muda wa kusubiri hauongezeki kwa uwiano ulio sawa na mzigo. Tuchukulie mhudumu mmoja anayetumia wastani wa sekunde 30 kwa kila ombi, huku maombi yakiingia bila mpangilio na muda wa kuyahudumia ukitofautiana bila mpangilio. Akiwa na shughuli kwa asilimia 50 ya muda wake, ombi hukaa kwake kwa wastani wa dakika moja. Akifikia asilimia 90, ombi hukaa dakika tano. Akifikia asilimia 95, hukaa dakika kumi. Nyongeza ndogo ya mwisho ndiyo inayoleta madhara makubwa, na mfumo uliojaribiwa katika hali ya utulivu hausemi lolote kuhusu siku ya dhiki.

Chanzo cha pili kilidhihirika katika miaka ya 1960. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa mjini Manchester mwaka 1962, iliruhusu programu kutumia nafasi kubwa kuliko kumbukumbu kuu kwa kuhamisha kurasa za data kati ya kumbukumbu hiyo na hifadhi iliyo polepole zaidi. Mbinu hii ilienea, na pamoja nayo likaenea tatizo jipya: programu zilipokuwa nyingi mno, mashine ilitumia muda wake karibu wote kuhamisha kurasa badala ya kufanya kazi. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza kisa chake, kwamba kila programu ina seti ya kurasa inayozihitaji katika kipindi fulani, na seti hizo zikizidi kumbukumbu iliyopo, utendaji hauporomoki hatua kwa hatua bali kwa ghafla.

Chanzo cha tatu kilihusu mahali ambapo muda hupotea ndani ya programu. Mwaka 1971 Donald Knuth alichapisha utafiti wa programu halisi zilizoandikwa kwa lugha ya Fortran, akaonyesha kwamba kwa kawaida sehemu isiyofika asilimia 4 ya programu hutumia zaidi ya nusu ya muda wote wa utekelezaji. Matokeo hayo yalikuwa na maana mbili. Kwanza, kurekebisha programu bila kupima ni sawa na kutafuta sindano gizani. Pili, sehemu ndogo iliyoandikwa vibaya inaweza kulemaza mfumo mzima ambao kwa mengine ni mzuri.

Dhidi ya maarifa hayo kulikuwa na imani iliyopata nguvu kutokana na makala ya Gordon Moore ya mwaka 1965 kuhusu kuongezeka kwa vijenzi katika saketi: kwamba mashine za mwakani zitafidia uzito wa programu za leo. Mwaka 1995 Niklaus Wirth aliipinga imani hiyo waziwazi, akidai kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kubwa kuliko ile ambayo mashine zinazidi kuwa nyepesi. Hoja ya Wirth ilikuja miaka mitatu baada ya tukio linalochunguzwa hapa, lakini tukio hilo lingeweza kuwa mfano wake.

3.0 Tukio la London

3.1 Utaratibu wa karatasi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Huduma ya Magari ya Wagonjwa ya London ilihudumia eneo la maili za mraba zipatazo 600 lenye wakazi takriban milioni 6.8. Ilipokea simu kati ya 2,000 na 2,500 kwa siku, na zaidi ya nusu yake zilikuwa za dharura. Kila simu iliandikwa kwenye fomu, mahali pa tukio pakatafutwa katika kitabu cha ramani, na fomu ikawekwa juu ya ukanda unaotembea hadi meza ya kukusanyia. Hapo mfanyakazi alitambua fomu zilizorudia tukio moja, akazigawa kwa maofisa wa kanda, nao wakachagua gari la kutuma. Lengo lilikuwa hatua zote hizo zikamilike ndani ya dakika tatu.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zilizo wazi: fomu zilipotea, ramani zilichelewesha, na kutambua simu zilizorudiwa kulitegemea kumbukumbu ya mtu. Hata hivyo, ulikuwa na sifa moja ambayo haikuthaminiwa hadi ilipoondolewa. Mfanyakazi mzoefu aliyeona fomu zinarundikana aliweza kuamua papo hapo ipi isubiri na ipi itangulie. Karatasi haikuwa na kasi, lakini ilimpa mtu nafasi ya kutumia busara.

3.2 Zabuni na masharti yake

Jaribio la kwanza la kuingiza kompyuta lilisitishwa mwaka 1990 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 7.5. Miongoni mwa sababu za kulisitisha ni kwamba mfumo ulishindwa katika majaribio ya mzigo wa kilele. Jambo hili lina uzito katika hoja ya insha hii, kwa kuwa linathibitisha kuwa taasisi ilijua umuhimu wa kupima mzigo na ilikwisha kuufanyia kazi.

Mwaka 1991 zabuni mpya ilitangazwa. Mshindi alikuwa muungano wa kampuni za Apricot, Systems Options na Datatrak, kwa bei ya chini ya pauni milioni moja, iliyokuwa nafuu sana kuliko ile iliyofuata. Systems Options, iliyopewa kazi ya kuandika programu ya ugawaji, haikuwa na uzoefu wa mifumo ya kutuma magari ya dharura. Tarehe ya kukamilisha mfumo ilipangwa kuwa 8 Januari 1992, muda ambao wazabuni wengine waliona hautoshi. Tarehe hiyo ilipita bila mfumo kukamilika, na sehemu zake zikaanza kutumiwa vipandevipande huku zikiendelea kurekebishwa.

3.3 Tarehe 26 na 27 Oktoba

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 26 Oktoba 1992, mfumo mzima uliwashwa kwa mara moja katika London yote. Mpangilio wa chumba cha udhibiti ulibadilishwa na akiba ya karatasi ikaondolewa. Wakati huo kulikuwa na matatizo 81 yaliyoorodheshwa ambayo hayajatatuliwa.

Mfumo ulihitaji kujua mahali na hali ya kila gari karibu bila kosa. Haukuipata taarifa hiyo. Mawasiliano ya redio yalikatika hapa na pale, wahudumu walibonyeza vitufe kwa mpangilio usiotarajiwa au walichukua gari tofauti na lile walilopangiwa. Kila tofauti kati ya hali halisi na ile iliyo kwenye kompyuta ilizalisha ujumbe wa tahadhari uliohitaji kushughulikiwa na mtu. Ujumbe uliongezeka, ule wa zamani ukasukumwa nje ya skrini, na mfumo ukazidi kuwa mzito. Wakati fulani orodha ya tahadhari ilifutwa kwa matumaini ya kuupa mfumo wepesi; lakini matatizo yaliyozalisha tahadhari hizo yalikuwa bado yapo, hivyo tahadhari zikazaliwa upya. Magari mawili yalitumwa mahali pamoja huku mahali pengine pakikosa hata moja. Wananchi waliosubiri walipiga simu tena, na kila simu ikawa kazi mpya.

Alasiri ya tarehe 27, chumba cha udhibiti kilirejea kwenye utaratibu wa nusu mkono. Siku iliyofuata mkurugenzi mtendaji alijiuzulu. Magazeti yalidai kwamba watu 20 hadi 30 huenda walifariki kwa sababu ya ucheleweshaji. Madai hayo hayakuthibitishwa katika mashauri ya uchunguzi wa vifo. Pamoja na hivyo, ukweli kwamba wagonjwa walisubiri kwa saa kadhaa haukubishaniwa na yeyote.

3.4 Tarehe 4 Novemba

Utaratibu wa nusu mkono ulifanya kazi vizuri kiasi kwa siku nane. Muda mfupi baada ya saa nane usiku wa tarehe 4 Novemba, mfumo ulianza kudorora, kisha ukasimama. Kuzima na kuwasha upya vituo vya kazi hakukusaidia. Wafanyakazi walirejea kwenye karatasi na simu.

Uchunguzi ulibaini kuwa wiki tatu hivi kabla ya hapo, mtayarishaji programu alipokuwa akifanya marekebisho aliacha kipande cha msimbo ndani ya mfumo. Kila taarifa ya kutuma gari ilipotolewa, kipande hicho kilichukua sehemu ndogo ya kumbukumbu ya seva ya mafaili na hakikuirudisha. Baada ya wiki tatu za kazi ya kawaida, kumbukumbu yote ilikuwa imekwisha. Seva ya akiba ilikuwapo, lakini namna ya kuhamia kwake ilikuwa haijatayarishwa kwa ajili ya utaratibu wa nusu mkono uliokuwa ukitumika usiku huo.

4.0 Uchambuzi wa Vyanzo

4.1 Foleni inayojilisha yenyewe

Tume ya uchunguzi ilifikia hitimisho ambalo kwa wengi lilikuwa la kushangaza: tarehe 26 na 27 Oktoba kompyuta haikuharibika. Majibu yake yalichelewa kupita kiasi nyakati fulani, lakini kwa jumla ilifanya kile ilichobuniwa kufanya. Dosari ilikuwa katika ubunifu wenyewe.

Nadharia ya foleni inafafanua kilichotokea, ila kwa nyongeza moja. Katika foleni ya kawaida, maombi hutoka nje ya mfumo. Katika mfumo wa London, ucheleweshaji ulizalisha maombi mapya: tahadhari isiyoshughulikiwa ilisababisha ugawaji mbaya, ugawaji mbaya ukaleta tahadhari nyingine na simu za malalamiko, nazo zikaongeza ucheleweshaji. Kadiri magari yenye taarifa sahihi yalivyopungua, ndivyo programu ilivyotumia muda mrefu zaidi kutafuta gari linalofaa. Mfumo wa namna hii hauna kiwango cha kati. Ama unabaki chini ya kizingiti, ama unaporomoka. Hakuna seva ambayo ukubwa wake ungeondoa mzunguko huo, ungeahirishwa tu.

4.2 Kumbukumbu isiyorejeshwa

Kusimama kwa tarehe 4 Novemba ni mfano wa wazi wa uvujaji wa kumbukumbu, mojawapo ya vyanzo vinavyotajwa mara nyingi katika fani hii. Kwa mtazamo wa kihistoria, kinachostahili kuangaliwa ni umbali wa wiki tatu kati ya sababu na matokeo. Jaribio la saa moja au hata la siku moja lisingefichua chochote, kwa kuwa kiasi kilichopotea kila mara kilikuwa kidogo. Uvujaji hugunduliwa na jaribio la muda mrefu au na jicho linalofuatilia matumizi ya kumbukumbu siku hadi siku. Mabadiliko ya msimbo yaliingizwa katika mfumo uliokuwa tayari kazini, bila udhibiti ambao ungemlazimisha mtu wa pili kuyapitia. Kwa hiyo tone lilikuwa la kiufundi, lakini mlango uliolipitisha ulikuwa wa kiutaratibu.

4.3 Zana nzito kwa kazi ya haraka

Skrini za watumiaji zilijengwa kwa Visual Basic juu ya Windows, zana ambazo wakati huo zilikuwa mpya na ambazo sifa yake kuu ilikuwa wepesi wa kuunda skrini, si wepesi wa skrini zenyewe kufunguka. Ili kukwepa kusubiri, watumiaji walizoea kufungua skrini zote walizotarajia kuzihitaji mwanzoni mwa zamu na kuhama kutoka moja hadi nyingine. Mbinu hiyo ilipunguza kusubiri kwa mara ya kwanza, lakini ilijaza kumbukumbu ya kituo cha kazi na hivyo kukifanya kizito zaidi.

Hapa linaonekana jambo ambalo takwimu za mashine peke yake haziwezi kulionyesha. Watumiaji hawasubiri tu; hubuni njia za kukwepa kusubiri, na njia hizo huwa sehemu ya mzigo. Mpiga simu aliyerudia simu yake na mgawaji aliyefungua skrini zote walitenda kwa busara kila mmoja kwa nafasi yake, na wote wawili waliuongezea mfumo uzito.

4.4 Kutopimwa kwa mzigo

Chanzo cha nne ndicho kilichoviruhusu vingine vitatu. Mfumo wa kwanza ulikataliwa mwaka 1990 kwa sababu ulipimwa. Mfumo wa pili uliingizwa kazini bila jaribio kamili la sehemu zake zote zikifanya kazi pamoja chini ya mzigo wa London nzima. Shinikizo la tarehe na bei halikuiondoa hatari. Liliondoa kifaa cha kuionea.

Inaweza kudaiwa kwamba sehemu hii inageuza suala la kiufundi kuwa la uongozi, na kwamba ripoti ya 1993 yenyewe iliweka lawama kubwa kwa menejimenti, uhusiano mbaya na wafanyakazi, na mafunzo yasiyotosha. Dai hilo lina ukweli. Hata hivyo, kuchagua kati ya maelezo ya kiufundi na ya kiuongozi ni kuchagua kati ya nusu mbili za kisa kimoja. Menejimenti mbaya haiwezi yenyewe kujaza kumbukumbu ya seva, na kipande cha msimbo hakiwezi chenyewe kujiidhinisha kuingia kazini. Maelezo kamili ni yale yanayoonyesha uamuzi gani uliruhusu chanzo gani, na lini.

5.0 Ulinganisho

Tovuti ya HealthCare.gov, iliyofunguliwa nchini Marekani tarehe 1 Oktoba 2013 kwa ajili ya bima za afya, inathibitisha kwamba vyanzo hivi havikufa na mashine za 1992. Ilitarajiwa kuhudumia watumiaji 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja. Serikali ilieleza kwamba walifika takriban 250,000. Uamuzi wa kumtaka kila mgeni afungue akaunti kabla ya kuona bei za bima uliwapitisha wote katika mlango mmoja mwembamba, hata wale waliotaka kutazama tu. Siku ya kwanza ni watu sita tu waliofanikiwa kujiandikisha. Wakandarasi waliliambia Bunge la Marekani kwamba jaribio la mfumo mzima lilifanyika katika wiki mbili za mwisho. Nguvu ya vichakataji ilikuwa imeongezeka mara nyingi tangu 1992. Utaratibu wa kutopima ulikuwa uleule.

Urekebishaji wake nao ni wa kufunza. Timu iliyoundwa chini ya Jeffrey Zients ilianza kwa kuweka vipimo ili kuona muda unapotea wapi, kisha ikarekebisha kulingana na uzito wa kila tatizo huku ikiongeza seva. Taarifa ya serikali ya tarehe 1 Desemba 2013 ilieleza kwamba wastani wa muda wa kujibu ulikuwa umeshuka kutoka sekunde nane hadi chini ya sekunde moja.

London ilifika huko kwa njia ya polepole. Mfumo mpya ulianza kazi Januari 1996, baada ya kujengwa hatua kwa hatua na wafanyakazi wa ndani, kwa kuanza na kazi ndogo ya kupokea simu na kuonyesha mahali pa tukio. Wagawaji walishirikishwa tangu mwanzo, na hatua mpya iliongezwa baada ya iliyotangulia kuzoeleka. Kati ya njia hizi mbili, ya Marekani ilitumia vipimo baada ya madhara. Ya London ilitumia muda kabla ya madhara mengine. Zote mbili zilianza kwa kukubali kwamba hali halisi ya mfumo haikujulikana.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba vyanzo vinne vilivyoulemaza mfumo wa London vilikuwa vya kawaida, na kwamba misingi ya kuvielewa ilikwisha kuwekwa na Erlang, Denning, Knuth na wengineo. Maarifa hayakukosekana, kilichokosekana ni kipengele katika mkataba, ratiba au utaratibu wa kazi ambacho kingeyafanya maarifa hayo yatumike.

Kutokana na matokeo hayo, mambo mawili yanapendekezwa kwa watafiti. Kwanza, historia ya programu isiishie kwenye mifumo iliyoanguka, bali ichunguze pia ile iliyochelewa, kwa kuwa ndiyo inayoathiri watu wengi zaidi kwa muda mrefu zaidi. Pili, uchunguzi wa utendaji duni utafute tarehe za maamuzi pamoja na mistari ya msimbo. Kumbukumbu ya seva iliyokwisha usiku wa tarehe 4 Novemba ilianza kupungua wiki tatu kabla. Uamuzi ulioifanya isiangaliwe ulikuwa wa zamani zaidi ya hapo.